Mutukula hadi Namugongo kwa Miguu, na Ticha Mwenzangu

Kila Mei ikianza kuna watu wananisimamisha njiani kati ya bweni na ukumbi wa mihadhara kuniuliza swali moja: hivi ni kweli wewe na Ticha mlitembea kwa miguu mpaka Uganda? Ni kweli. Halafu yanafuata mengine. Mlilala wapi, mlikula nini, mlitumia bumu la nani, na kwa nini msipande basi kama watu wenye akili zao. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa mara moja. Ila niseme mapema kwamba sehemu ngumu ya safari ile haikuwa miguu. Miguu ina dawa zake na nitazitaja. Kilichonishinda mimi ni kutembea na rafiki.

Tuanze na wasiojua kabisa. Namugongo iko pembezoni mwa Kampala, na kila Juni 3, ambayo Uganda ni sikukuu ya taifa, watu wanajaa pale kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda. Wanatoka Kenya, Rwanda, Kongo, na kwetu Tanzania pia. Wengi wanakwenda kwa gari, lakini kuna maelfu wanaotembea siku kadhaa, wengine wiki nzima au zaidi. Ukifika Uganda mwishoni mwa Mei utawaona barabarani na fimbo, vifurushi na rozari shingoni. Waganda wanawaita abalamazi, yaani mahujaji, na ukishaitwa hivyo watu wanakupa maji hata kama hujaomba.

Wale mashahidi ni 45 kwa hesabu inayojulikana, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa kati ya 1885 na 1887 kwa amri ya Kabaka Mwanga II. Wengi walikuwa vijana wahudumu wa ikulu. Mwanga mwenyewe mwaka 1886 alikuwa na miaka kama 18 hivi, mdogo kuliko wengi wetu tunaosoma jarida hili, na alirithi kiti wakati Wazungu wanaanza kusogea kutoka kila upande. Sababu za mauaji zilichanganyika: hofu ya kupoteza mamlaka, mashaka kwamba vijana wake sasa wanamtii bwana mwingine, na hasira kwa sababu walikataa matakwa yake ya kimwili. Askofu wa Kianglikana, James Hannington, aliuawa Busoga Oktoba 1885. Joseph Mukasa Balikuddembe, mkuu wa vijana wa ikulu, akathubutu kumwambia Kabaka kwamba amekosea. Novemba 15 mwaka huohuo naye akauawa.

Nafasi yake kwa vijana ilichukuliwa na Charles Lwanga. Huyu mimi nampenda kwa sababu za kikazi. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, anawafundisha wadogo dini kwa siri, anawaficha wasiitwe na Kabaka usiku. Kwa lugha yetu alikuwa ticha wa bweni. Mdogo kuliko wote, Kizito, alikuwa na miaka kama 14. Nilifanya mazoezi ya kufundisha kidato cha kwanza, nikawa najaribu kumfikiria Kizito amekaa dawati la mbele. Sikuweza kulifikiria hilo kwa muda mrefu.

Mwishoni mwa Mei 1886 vijana walihukumiwa Munyonyo, kando ya Ziwa, wakafungwa kamba na kuswagwa kwa miguu hadi Namugongo. Njiani baadhi waliuawa. Waliofika walikaa wamefungwa karibu wiki nzima wakati kuni zinakusanywa, na Juni 3 wakachomwa moto. Basi hilo ndilo jibu la swali la basi. Watu wanatembea kwa sababu wale walitembea.

Na Kiswahili kimo humo ndani, ingawa wengi hatujui. Mapadre wa kwanza waliofika Buganda mwaka 1879 walianzia Bagamoyo, wakapita Tabora, wakafika kusini mwa Ziwa na kuvuka kwa mitumbwi. Mafundisho ya mwanzo pale ikulu yalitumia sana Kiswahili, maana wafanyabiashara wa pwani na Uislamu walikuwa wameshatangulia. Hata damu haikuanzia kwa Wakristo. Miaka ya 1870, wakati wa Mutesa I, baba yake Mwanga, kuna Waislamu waliouawa hukohuko Namugongo kwa kushika dini yao kuliko amri ya Kabaka.

Sasa kuna jambo ambalo sikulijua mpaka Ticha aliponiambia. Namugongo kuna mahali pawili pa kuhiji. Kuna basilika ya Wakatoliki, ile yenye umbo la msonge na nguzo 22, ambayo altare yake iko pale alipochomwa Lwanga peke yake. Na kuna mahali pa Waanglikana, Nakiyanja, ambapo wengine walichomwa kwa pamoja, Wakatoliki na Waanglikana kwenye moto mmoja. Kati ya sehemu hizi mbili ni mwendo usiofika saa moja. Juni 3 kila kanisa linasali kwake.

Ticha ni Mwanglikana wa Ngara. Mimi ni Mkatoliki wa Bukoba. Tunaitana Ticha wote wawili, mazoea ya watu wa ualimu, lakini humu Ticha ni yeye. Anasoma Jiografia, mimi Historia, na tumekaa chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza. Wazo lilikuwa langu, kupitia kikundi cha mahujaji wa nyumbani kilichokuwa kinajiandaa. Yeye akasema anakuja. Nikamwambia ni kikundi cha Wakatoliki. Akajibu, "Kwani barabara ni ya Papa?"

Mwaka jana ratiba ya chuo ilikuwa imesogea, tukajikuta likizo Mei yote. Tukapanda basi hadi Bukoba, halafu gari dogo hadi Mutukula mpakani, kama kilomita themanini. Kuhusu makaratasi: uwe na pasipoti au hati ya dharura ya safari ya Uhamiaji, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Msiende na kitambulisho cha chuo mkidhani mpaka utafunguka kwa tabasamu. Kutoka Mutukula unapita Kyotera, Kalisizo, Masaka, Lukaya, Kayabwe, Mpigi, unaingia Kampala na kuivuka yote, ndipo Namugongo. Jumla ni zaidi ya kilomita mia mbili na ishirini. Tulianza Mei 24 na tulitakiwa kufika Juni 2, kwa hiyo wastani ni kilomita ishirini na kitu kwa siku. Ukisoma kwenye karatasi unaona rahisi. Siku ya kwanza ni rahisi kweli. Ya tatu ndiyo inakuonyesha ulikuwa unajidanganya.

Ratiba ya siku ni hii. Mnaamka saa tisa na nusu usiku, mnasali, saa kumi alfajiri mko barabarani. Mnatembea hadi saa tano asubuhi jua linapokuwa kali, mnapumzika chini ya miti, mnaendelea saa tisa hadi jioni. Mnatembea upande wa kulia ili muone magari yanayowajia, kwa sababu Uganda wanaendesha kushoto kama sisi. Usiku mnalala parokiani au darasani, sakafuni, kwenye mkeka. Chakula ni matoke na maharage mkikaribishwa. Msipokaribishwa ni rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, au chapati na maharage wanayoiita kikomando. Nauli ukitoa, nilitumia kama laki moja na nusu ya kwetu siku zote kumi, na nyingi ilikwenda kwenye soda. Ndiyo, soda. Mwili wenyewe unaidai.

Na miguu. Malengelenge hayaji kwa bahati mbaya. Ngozi ikisuguliwa hatua kwa hatua ikiwa na joto na jasho, tabaka la juu linaachana na la chini, maji yanajaa katikati. Kwa hiyo unapigana na msuguano, joto na unyevu. Viatu viwe vilivyokwishazoeana na mguu wako, na view na nafasi kidogo mbele maana mguu unavimba kwa kutembea. Soksi ubadilishe mchana, zile za asubuhi uzining'inize kwenye begi zikauke. Mafuta ya mgando kwenye vidole na kisigino kabla ya kuvaa. Na ukisikia sehemu inawaka moto, simama hapohapo ubandike plasta, usisubiri kituo. Lengelenge likishatokea usilichune ngozi, ile ngozi ndiyo bandeji yako.

Ticha aliyajua haya yote. Alinifundisha yeye. Lakini wiki moja kabla ya safari raba zake za zamani zilipasuka soli, akanunua mpya. Kufika Masaka alikuwa anachechemea. Kufika Lukaya, Mei 28, kisigino cha kushoto kilikuwa kimefunguka.

Hapa niseme jinsi kikundi kinavyofanya kazi, kwa sababu msomaji anaweza kudhani watu arobaini wanatembea kama kwata. Sivyo. Mbele kuna bendera na wenye miguu mirefu, katikati waimbaji, nyuma wazee na wenye maumivu, na nyuma kabisa anakaa mtu mmoja wa kuhakikisha hakuna aliyeachwa. Siku nzuri, mkia unakuwa nusu saa nyuma ya bendera. Siku mbaya unakuwa saa mbili. Na kila bendera ikisubiri mkia, walio mbele wanapoa misuli na kununa. Hakuna mwenye kosa. Ni mwendo tu, kila mtu ana wake kama sauti.

Baada ya Lukaya kuna Lwera. Ni bwawa kubwa la matete kando ya Ziwa, barabara imeinuliwa katikati yake, na kilomita kwa kilomita hakuna kivuli. Kuna malori ya mchanga, wauza samaki, upepo, na jua linakupiga kutoka juu na kutoka kwenye lami. Mbele kuna daraja la mto Katonga, lile ambalo mafuriko yaliliharibu Mei 2023. Kiongozi alitangaza usiku kwamba saa kumi kamili tunaondoka, Lwera lazima ivukwe kabla jua halijawa kali.

Alfajiri ile Ticha alikuwa amekaa kwenye ngazi ya darasa anajaribu kuingiza mguu kwenye kiatu. Mzee mmoja wa kikundi akasimama karibu yangu, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya siri, "Huyu Mprotestanti wako atatuchelewesha. Kama imani yenyewe si yake, apande gari."

Mimi sikusema kitu.

Ningeweza kuandika kwamba nilikuwa na usingizi, au kwamba heshima ya mzee ilinizuia. Nililelewa nisimjibu mtu mzima, hilo ni kweli. Lakini nikijichunguza vizuri, kuna sehemu yangu iliyokuwa imechoka kumsubiri tangu Kalisizo, na maneno ya yule mzee yaliifurahisha. Ticha alimaliza kufunga kamba. Hakuinua uso. "Nenda, Ticha," akaniambia. "Nitakuja taratibu, tutakutana Kayabwe." Na mimi nikaenda. Yule wa nyuma kabisa siku hiyo alikuwa amepelekwa zahanati na tumbo, kwa hiyo hapakuwa na mtu nyuma. Nililijua hilo pia.

Nilitembea vizuri siku ile kuliko siku zote. Niliimba. Saa sita kasoro mchana tulikuwa Kayabwe, mahali Ikweta inapokatiza barabara. Kuna zile duara mbili kubwa nyeupe za zege kila upande wa lami, na maduka ya vinyago, na vijana wanaokuonyesha maji yanavyozunguka kwenye beseni kuelekea upande huu na ule. (Ticha alishaniambia huo ni mchezo wa watalii, maji ya beseni hayajui Ikweta iko wapi.) Kwa miezi mitatu alikuwa ameniahidi picha moja: yeye mguu mmoja kaskazini, mmoja kusini, aje awaonyeshe wanafunzi wake wa kidato cha pili kwamba Ikweta si mstari wa kwenye ramani tu. Nikaingia kwenye duara na kupiga picha yangu peke yangu. Nikaiangalia. Nikaifuta.

Ndipo nikakumbuka simu. Laini ya Uganda tulisajili moja tu kubana matumizi, na ilikuwa kwenye simu yangu. Ticha alikuwa nyuma kwenye Lwera, na kisigino kile, hana mawasiliano, na hela zetu za pamoja nilikuwa nazo mimi kiunoni.

Saa tisa kikundi kikaondoka kwenda Buwama. Nikamwambia kiongozi nabaki. Hakunizuia, alinipa namba yake na chupa ya maji. Nilikaa kwenye kivuli cha duka la vinyago kwa zaidi ya saa tatu nikitazama upande tuliotoka. Nilihesabu malori mpaka nikaacha. Kila aliyetokea kwa mbali na kanga nilidhani ni yeye.

Walifika karibu jua linazama, wawili. Ticha alikuwa amevaa kandambili juu ya soksi, raba zimefungwa kwenye begi, na pembeni yake bibi mmoja mfupi na fimbo, kifurushi kichwani. Nilisema shikamoo, Bibi akasema marahaba mjukuu wangu, na Ticha akaniuliza, "Umekula?"

Ndivyo alivyo. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Usiku ule tulipolala nikamwomba msamaha kwa kumwacha. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Kuondoka nilikuruhusu mwenyewe. Kilichoniuma ni pale uliponyamaza." Sikuwa na la kujibu. Nikamwosha kisigino kwa maji ya chumvi, nikafunga plasta, tukalala.

Bibi alikuwa wa Missenyi, upande wetu wa mpaka. Kikundi chake kilikuwa kimeshamwacha siku mbili nyuma, na hakuwa na habari nacho. Hiyo ilikuwa hija yake ya sita. Alikuwa na mfumo wake wa kutembea ambao naona unafaa kufundishwa: hahesabu saa wala kilomita, anahesabu rozari. Anasali rozari moja akitembea, kama dakika ishirini, halafu anakaa chini mpaka pumzi irudi, halafu nyingine. Akamuuliza Ticha, "Ninyi upande wenu mkitembea mnasali nini?" Ticha akasema wanaimba tenzi. Bibi akafikiri kidogo. "Basi rozari moja, tenzi tatu, tunapumzika."

Na hivyo ndivyo tulivyokwenda kuanzia Mei 30. Tuliacha kuhesabu wastani. Tulianza mapema zaidi, saa tisa usiku, na kumaliza kwa kuchelewa zaidi, na katikati tulikaa chini mara nyingi kuliko nilivyowahi kukaa chini maishani. Nilidhani hatutafika. Lakini fanya hesabu: mwendo wa kilomita tatu kwa saa, ukiuendeleza saa kumi kwa siku, unakupa thelathini. Walio haraka walikuwa wanakwenda tano kwa saa na kulala nusu ya mchana wakiuguza miguu. Kisigino cha Ticha kilianza kukauka tukiwa tunatembea, jambo ambalo sikuamini linawezekana.

Bibi alikuwa mwongeaji akiwa amekaa, bubu akiwa anatembea. Tukiwa tumekaa kabla ya Mpigi alituambia kwamba mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, yeye alikuwa na miaka 22 na mtoto mgongoni, akakimbilia kusini ya mto. Nyumba aliyoiacha hakuikuta. Kisha wanajeshi wetu wakaenda kwa barabara hiihii, Mutukula, Masaka, Lukaya, Mpigi, wengi wao kwa miguu. Pale Lukaya, mwanzo wa bwawa lilelile la Lwera, palipiganwa vita vikali Machi 1979, na Aprili 11 Kampala ikaanguka. Mimi nasoma Historia. Nimeandika insha juu ya vita hivyo na kupata alama nzuri, na nilikuwa nimevuka Lwera naimba bila kukumbuka hata mara moja. Ticha akamuuliza Bibi kama haoni uchungu kupita huku. Akasema mara ya kwanza alilia kutoka Mutukula hadi Kyotera, watu wakadhani ni miguu.

Kampala sina mengi ya kusema. Ukishatembea siku nane vijijini, kuivuka Kampala kwa miguu kati ya bodaboda ni adhabu. Tuliingia Namugongo Juni 2 usiku, karibu saa nne. Barabara ilikuwa mto wa watu, wauza mishumaa, wauza madumu ya kuchotea maji, spika kila kona. Ndani ya uwanja wa basilika kuna ziwa dogo lenye altare katikati, na watu walikuwa wamelala kulizunguka bega kwa bega. Mtandao wa simu ulikuwa umezidiwa kabisa. Hilo mlijue: pangeni mahali na saa ya kukutana kabla hamjaingia, simu haitawasaidia.

Sisi tulipanga njia panda. Juni 3 asubuhi Ticha alikwenda kwao Nakiyanja kwenye ibada, mimi na Bibi tukabaki kwenye Misa, ambayo kila mwaka jimbo moja hupewa kuiongoza. Nilikuwa na wasiwasi na Bibi kwamba angeona ajabu Ticha kujitenga baada ya siku zote zile. Kumbe aliyekuwa na haraka ya kwenda kwa Waanglikana ni yeye. "Nimekuja mara tano," akasema, "sijawahi kuwaona wale wengine." Alasiri tukamfuata Ticha. Wana sehemu ya makumbusho yenye sanamu zinazoonyesha yale mateso, vijana wamefungwa kwenye matete tayari kwa moto. Ukisimama pale huwezi kuchagua kwa macho nani alikuwa wa kanisa gani. Paulo VI alipowatangaza watakatifu wale 22 huko Roma, Oktoba 18, 1964, aliwataja na Waanglikana. Alipokuja Uganda mwaka 1969 alifika mpaka pale Nakiyanja, na Papa Fransisko Novemba 2015 alianzia huko kabla ya kwenda kwenye basilika. Sisi tuliogombana juu ya kisigino hatukuwa na habari hizo.

Wakati wa kutoka tulikutana na yule mzee wa Lukaya. Nilimwamkia. Halafu nikamwambia, kwa adabu yote niliyonayo, kwamba yale maneno aliyosema kuhusu rafiki yangu hayakuwa sawa, na kwamba nilipaswa kumwambia siku ileile mbele yake. Akacheka, akasema alikuwa anatania. Inawezekana. Ticha alikuwa amesimama pembeni anasikiliza, na nilitaka asikie.

Kwa wanaotaka kwenda mwaka huu na rafiki: raba za zamani, laini mbili za simu, hela kila mtu na zake. Na kabla hamjatoka Mutukula, kaeni chini muulizane kwa sauti, mmoja akishindwa mwingine anafanya nini. Jibu lolote litakaloafikiwa ni zuri kuliko kulitafuta saa kumi alfajiri mbele za watu. Ticha anasema niongeze: mwulizane pia nani atajibu mtu mwingine akiingilia.

Sisi tunarudi. Bibi alipiga simu mwezi uliopita kuuliza tarehe. Tumemwambia tutamkuta Mutukula Mei 22, siku mbili mapema kuliko mwaka jana, ili rozari na tenzi vitoshe. Ticha bado anaidai picha yake ya Ikweta, maana jioni ile giza lilishaingia.